Kichwa Kisichotaka Kushuka

Niseme mapema kwamba kuogelea najua. Nimejua tangu sijaanza kuvaa buibui, na ukinitupa leo kwenye maji ya kwetu Micheweni nitarudi pwani bila ya kusaidiwa na mtu. Kilichonishinda ni kichwa. Miezi mitatu mizima, mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mwalimu wa skuli, mama wa watoto watatu, nilishindwa kukilaza kichwa changu mwenyewe ndani ya maji. Ukinicheka sikulaumu. Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini, na mimi nikamnunia siku mbili.

Mambo yalianza pale ulipokuja mradi wa kufundisha wanawake kuogelea. Watu wa mradi walisema kila kijiji kitoe mwanamke mmoja anayeyajua maji kidogo, afunzwe, afanyiwe mtihani, na akifaulu apewe cheti ili awafundishe wenzake. Asipopatikana wa kufaulu, darasa halifunguliwi pahala hapo, kwa sababu mwanamme hawezi kuja kuwashika wanawake wetu baharini, na hilo halikuhitaji maelezo. Mtihani ungefanywa mara tatu, basi. Nikajitia kimbelembele, nikaandikisha jina langu kabla ya mtu mwengine hajafungua mdomo.

Cheti chenyewe sikuwa na haja nacho. Niliandikisha kwa ajili ya mama. Mama analima mwani tangu mimi sijaolewa. Zamani kamba zake, zinazofungwa kwenye vigingi vilivyochomekwa mchangani, zilikuwa karibu na pwani. Maji yakipwa anakwenda kwa miguu, anainama, anafunga mwani wake, anarudi. Siku hizi maji ya karibu yanapata moto, mwani unageuka mweupe, unalainika na kukatika. Basi wanawake wamehamisha vigingi vyao mbele, kwenye ukingo wa mkondo, ambako hata bamvua, yale maji makubwa ya mwezi, likipwa sana maji yanakufika kifuani. Mama hajui kuogelea, na wenzake wote hawajui. Mwaka uliopita maji yalimuondoa miguu, akashika kamba yake ya mwani akaning'inia hapo mpaka watu wa mtumbwi wakamuona. Alirudi nyumbani akapika muhogo, hakusema kitu. Mimi nilipata habari kwa jirani siku ya tatu. Tangu hapo, kila maji yakipwa niko darasani nafundisha hesabu na moyo wangu uko kwenye ule mkondo.

Mwalimu wetu wa kuogelea alitoka Unguja. Msichana mdogo, mpole wa sauti, lakini hakubali kitu nusu. Masomo ya maneno tulifanyia Chake, kwenye chumba cha kukodi huko Gombani, na kutoka kwetu kufika huko ilinibidi niondoke mara tu baada ya sala ya alfajiri. Siku ya kwanza alichora ubaoni mtu aliyelala juu ya maji.

"Kichwa kizito," alisema. "Ukikiinua mbele, miguu inashuka nyuma. Miguu ikishuka, unaburura mwili mzima. Utafika, lakini utafika huna pumzi."

Niliandika yote daftarini kwa hati nzuri. Aliponiuliza, nilijibu kwa ufasaha kuliko wote waliokuwamo: katika mtindo huru uso unatazama chini na mbele kidogo, maji yapite pale paji linapokutana na nywele, shingo ilegee, ukitaka pumzi usinyanyue kichwa, kigeuze pamoja na bega, sikio moja na jicho moja vibaki majini. Aliniambia ahsante dada, kisha akasema tutaona tukiingia.

Tulipoingia majini, nilipiga mikono mitano na yeye akapiga filimbi. "Dada, shusha kichwa." Nikasema sawa. Nikapiga mitano mingine, filimbi tena. Mimi kwa dhati ya moyo wangu nilidhani nimekishusha. Alichukua simu akanipiga picha ya video, akanionesha. Nilimuona mwanamke aliyechomoza kidevu juu ya maji kama bata, shingo imekakamaa, nyuma yake hakuna miguu. Nikamwambia hiyo simu yake haioneshi sawa.

Sababu niliijua, au nilijiambia kwamba naijua, na niliieleza kwa kila aliyetaka kusikia na asiyetaka. Sisi tuliokulia Pemba tulijifunza kuogelea mwezi wa Ramadhani. Miezi mingine mtoto wa kike ana jiko, ana maji ya kuteka, ana chuo cha Kurani mpaka alasiri. Ramadhani mchana hapana chakula cha kupika, chuo kinafungwa mapema, na mtoto anayefunga lazima apitishiwe wakati asije akaikumbuka njaa. Basi tunaachiwa bahari. Lakini kwa sharti. Bibi yangu alikuwa akikaa barazani wakati wa kurudi, anatuita mmoja mmoja, anatia vidole kwenye nywele zetu mpaka kwenye ngozi. Kichwa kikavu, umefunga. Kichwa kimerowa, maji yamekuingia sikioni, saumu imekwenda, na utamlipa Mungu siku nyengine na bibi utamlipa papo hapo. Mimi nilipigwa mara moja tu na ikanitosha. Nikajifunza kuogelea kutoka jabali hadi jabali bila ya hata tone kugusa sikio langu, na nilikuwa stadi. Watoto wote wa rika langu tulikuwa hivyo. Ukiona kundi letu baharini ungeona vichwa vikavu vitupu vinakwenda.

Mwalimu alisikiliza habari hii yote kwa adabu. Halafu akasema, "Basi sasa si Ramadhani, dada. Shusha."

Alinijaribia kila hila. Aliniwekea kiganja kisogoni, nikapinga bila ya kutaka, mpaka mkono wake ukachoka. Alinipa ndimu niibane chini ya kidevu, akasema ikitoka ujue umeinua shingo. Ndimu zilikuwa nne. Zote zilielea zikaenda zake, na mimi nikaambiwa nizifuate, nikazifuata kichwa juu. Nguo tulizopewa zilikuwa za heshima, suruali ndefu na kanzu fupi na kilemba cha kubana, na nilijaribu kukisingizia kilemba. Akanibadilishia. Nikaisingizia miwani ya kuogelea, nikenda mwenyewe Konde sokoni nikatafuta kwenye mitumba mpaka nikapata nyengine, ya kitoto, yenye ukanda wa waridi. Hiyo haikuingiza hata tone. Kichwa kikabaki kule kule juu.

Nyumbani nilijifundisha uani. Nilijilaza kifudifudi kwenye benchi, uso ndani ya beseni la maji, mikono inapokezana hewani. Mtoto wangu wa mwisho alihesabu, nikawa nafika arubaini ndipo nigeuze uso kupumua. Mume wangu akapita akauliza kama nimepoteza hereni humo. Sikumjibu, kwa sababu ndani ya beseni nilikuwa sawasawa. Shingo imelegea, sikio moja majini, kila kitu kama nilivyoandika daftarini. Hilo ndilo lililonitia wazimu. Uso wangu hauogopi maji, pumzi ninayo, elimu ninayo. Nikilala barazani nilikuwa naota nimelala vizuri juu ya maji, nikiamka nakuta shingo inauma.

Mtihani ulifanyika pwani ya kwetu, mita mia mbili, kati ya madumu mawili ya manjano yaliyotiwa nanga, unakwenda na kurudi mara mbili. Mara ya kwanza nilimaliza. Nilitoka nikihema kama niliyepandishwa mlima na gunia la mkaa, lakini nilimaliza, na wenzangu wawili wa vijiji vyengine walishika dumu njiani kupumzika. Wao walikuja kufaulu kwenye marudio, na mimi niliyemaliza nikaandikiwa hajafaulu. Nilimfuata mwalimu pembeni, damu inanichemka.

"Nimefika au sikufika?"

"Umefika, dada."

"Basi kichwa changu kinakuuma wewe nini?"

Hakukasirika, na mimi nilitaka akasirike. "Umefika umechoka," alisema. "Na wewe mzoefu, tena una nguvu. Mama wa miaka sitini akikuangalia akaiga shingo yako, atachoka katikati. Nikikupa cheti, nimempa yeye hiyo shingo."

Sikuwahi kumwambia habari za mama yangu. Nilikaa kwenye mawe nikavua miwani nikalia, na nikamchukia kwa sababu amesema kweli.

Mara ya pili nilianza vizuri. Mita hamsini za mwanzo nilikwenda nikiona mchanga chini, nikaona hata jongoo wa pwani amelala, nikajisemea leo ndiyo leo. Wanafunzi wangu walikuwa wamejipanga juu ya majabali kumtazama mwalimu wao, na nyuma yao wamesimama wazazi wao. Nilipogeuka kwenye dumu, kichwa kikapanda chenyewe na hakikushuka tena. Mara ya tatu sikufika hata dumu la kwanza kabla ya filimbi. Niliendelea mpaka mwisho kwa ukaidi, kidevu juu, na ningeweza kuogelea mpaka Wete kwa ile hasira. Mwalimu wa Unguja alinishika mikono miwili, macho yamemjaa maji, akaniomba radhi. Wiki ile ile mradi ukahamia pengine. Kijiji chetu hakikupata darasa, na aliyekikosesha ni mimi.

Nilichukua siku mbili kabla ya kwenda kumwambia mama. Nilimkuta amekaa kwenye jamvi ukumbini, anakata vile vikamba vidogo vya kufungia mwani ambavyo wao huviita taitai.

"Vipi," aliniuliza, "hicho cheti kimo mkononi?"

"Sikupata, mama."

"Mara ya tatu hino?"

"Ya tatu. Na darasa halitokuja tena."

Alikata taitai nyengine mbili tatu. "Basi nfundishe weye."

"Sina ruhusa. Sina cheti."

"Kwani n'kizama, hicho cheti ndicho kitakachonshika mkono?"

Ukweli nilikuwa nimechoka kubishana. Maji yalipopwa tukenda pamoja mpaka kwenye kamba zake. Yeye kavaa suruali ya marehemu baba, kanga kiunoni na nyengine kichwani, amezikaza sana. Mimi nimechukua daftari. Naam, daftari, ndani ya mfuko wa plastiki. Tuliposimama maji yako kifuani, yeye akashika kamba, mimi nikamshika tumbo kwa mkono mmoja na daftari kwa mwengine, nikaanza kumsomea: uso, paji, shingo, bega, sikio.

"Maneno mengi," mama akanikata. "Nambie macho niyaweke wapi."

"Chini."

"Chini wapi?"

Nikaiangaza bahari yote ile. "Kwenye vigingi vyako," nikasema.

Akavaa miwani yangu ya ukanda wa waridi, akavuta pumzi, akalala. Wallahi alilala. Shingo imelegea, maji yanampita juu ya paji, kisogo na mgongo vimekuwa kitu kimoja, na miguu, ambayo mimi miezi mitatu nilikuwa naiburura, ilipanda yenyewe mpaka visigino vikatokeza. Mwanamke aliyeinama zaidi ya miaka ishirini akitafuta kigingi ndani ya maji, nani angemfundisha kutazama chini? Kichwa chake kilikuwa kimekwisha kujua njia. Akainuka anapangusa pua.

"Kigingi cha tatu kimelegea," alisema. "Ndio maana kamba inakwenda upande."

Nilifurahi, lakini furaha ilikuja ya pili. Ya kwanza ilikuwa hasira, na sitaificha. Nilikasirika na mama yangu mwenyewe, aliyesimama mbele yangu akitiririka maji, kwa kupata kwa pumzi moja kitu kilichonikosesha usingizi. Nikamwambia arudie, labda amebahatisha. Akarudia. Nikamuonesha mikono. Akapiga minne, akashika kamba, akapumua, akapiga sita. Alifuata safu ya vigingi vyake kimoja baada ya kimoja, uso chini, na alipotaka pumzi aligeuza kichwa kidogo tu, kama mtu aliyeitwa na jirani na hataki kuacha kazi yake. Siku hiyo hiyo akavuka kutoka kamba yake mpaka kamba ya mwenzake, mahali ambapo mwaka uliopita maji yalimbeba.

Tulipopumzika, mama akaniuliza.

"Weye kilokushinda hapa ni nini?"

Nikaanza habari ya Ramadhani. Bibi, baraza, vidole kwenye nywele.

"Uwongo," alisema. "Wajukuu wangu wanambia weye kwenye beseni walala mpaka hesabu ifike arubaini. Humo kwenye beseni huna masikio?"

Nikajishughulisha na kamba.

"Waogopani, mwanangu?"

Jambo hili sikuwahi kulisema hata ndani ya kichwa changu, basi lilitoka vibaya vibaya. Nilimwambia naogopa watu. Nikiweka uso chini siwaoni. Nimelala pale mbele ya wanafunzi wangu na wazazi wao, nguo imeningandama, makalio juu, na sijui nani ananitazama, nani anacheka, nani kesho atasema mwalimu wa watoto wetu tumemuona alivyo. Kwa hiyo nainua kichwa nihakikishe. Kila mara nainua nihakikishe. Hayo ndiyo yaliyonifelisha mitihani mitatu, na kijiji kizima kimekosa darasa kwa sababu mimi nilikuwa nachunguza nyuso za watu pwani.

Nilingoja anipoze. Mama yangu si mtu wa kupoza.

"Na ulipowaona," aliuliza, "walikufanyani?"

"Hawakunifanya kitu."

"Mm," alisema, akarudi kukaza kigingi cha tatu.

Bamvua lililofuata alikuja na mwenzake wa kamba ya jirani. Sikushauriwa. Baada ya hapo wakaja wengine wawili, kisha ikawa kila maji yakipwa ninawakuta wanasubiri, wamebana kanga zao, wanapokezana miwani moja. Aliyekuwa akifundisha ni mama. Somo lake lilikuwa fupi: shika kamba, vuta pumzi, tizama vigingi vyako. Mimi kazi yangu ilikuwa kuwashika matumbo wale wapya na kusimama upande wa mkondo, kwa kuwa ndimi pekee niliyeweza kumfuata mtu akichukuliwa. Walikuwa wakiniita mwalimu kwa mazoea tu. Ilikuwa ikinikereketa, nitasema kweli. Daftari langu lilibaki nyumbani.

Siku moja ya mwisho wa mwezi walikuwa wanawake tisa majini. Walikwisha kuzoea kiasi kwamba hapakuwa na tumbo la kushika. Mama akanigeukia.

"Na weye umesimama hapo wangojani? Lala."

Nikalala. Nikapiga mikono kumi hivi nikiufuata mstari wa kamba, na shingo ikaanza kukakamaa kama kawaida yake, na kichwa kikapanda nitazame nani ananitazama.

Pwani hapakuwa na mtu. Huku na huku yangu niliona migongo tisa, kanga zilizorowa, mikono inayotoka na kuingia, na nyuso zote ziko chini ya maji. Mama alikuwa kaniacha nyuma. Hapakuwa na hata mmoja aliyekuwa na habari na mimi, na katika bahari ile yote kichwa kilichokuwa juu kilikuwa changu peke yake.

Nikakishusha.